Vice City, San Andreas au GTA IV: uanze na ipi?

Kuna wachezaji wa aina mbili wanaokwama kwenye swali hili. Wa kwanza alizionja gemu hizi za Grand Theft Auto (GTA) kwenye kibanda cha PS2, akilipia muda, akakimbizana na polisi mpaka dakika zikaisha. Hadithi yenyewe hakuwahi kuifuata hadi mwisho. Wa pili ameanzia GTA V, imemkolea, sasa anataka kurudi nyuma na hajui arudi mpaka wapi. GTA V nimeiacha nje ya ulinganisho huu, maana inadai diski kubwa na mashine ya maana, na mwenye mashine hiyo kwa kawaida ameshaicheza. Hizi tatu ndizo zinazomhusu mwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, kompyuta mpakato ya kawaida, au PS2 na PS3 iliyobaki nyumbani.

Zote ni gemu za watu wazima. Zina damu, matusi na biashara ya dawa za kulevya, kwa hiyo pedi isiishie mikononi mwa mtoto kwa sababu tu picha zinaonekana za kizamani.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano. Kwanza mashine: inahitaji nini na inasumbua wapi. Pili jiji: ukubwa wake na namna linavyochezeka. Tatu mkono: gari linavyoshika njia na bunduki inavyolenga. Nne misheni zinazokwamisha watu, na hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu wengi hawaachi gemu kwa kuchoka. Wanaacha kwa kushindwa misheni moja mara nyingi bila kujua sababu. Tano hadithi na watu wake.

Neno moja kuhusu matoleo. Vice City na San Andreas zina toleo jipya, Definitive Edition, lililotoka Novemba 2021 pamoja na GTA III. Lilianza vibaya, na hitilafu tele, likaja kupata sasisho kubwa Novemba 2024 lililorekebisha mwanga na mambo mengi mengine. Lina ramani yenye GPS, na ukishindwa misheni unaruhusiwa kuirudia hapo hapo. Lakini linataka RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 45, kwa hiyo halimfai mwenye mashine ndogo. Hapa chini nazungumzia matoleo ya awali, isipokuwa niseme vinginevyo.

Vice City (2002)

*Mashine.* Ndiyo nyepesi kuliko zote. Toleo la kompyuta la 2003 liliandikiwa prosesa ya Pentium III ya MHz 800, RAM ya MB 128 na diski isiyofika GB 1. Leo hakuna kompyuta inayowaka isiyoiweza. Tatizo ni kinyume chake: mashine ya sasa ina kasi mno. Kwenye mipangilio ya picha acha Frame Limiter (kikomo cha fremu, yaani picha, kwa sekunde) ikiwa imewashwa, la sivyo fremu zinapaa na mambo yanaanza kwenda mrama.

*Jiji.* Ni mwaka 1986, jiji la ufukweni lililochorwa kwa kuiangalia Miami: taa za neoni, mashati ya maua, boti zimefungwa nyuma ya majumba ya kifahari. Kuna visiwa viwili vikubwa, na mwanzoni madaraja yamefungwa kwa onyo la kimbunga mpaka umalize misheni ya Phnom Penh '86. Baada ya siku chache unalijua jiji lote kichwani; unajua kona ya kupaka gari rangi polisi wakikufuata, unajua duka la bunduki liko wapi. Hilo ni jambo zuri sana, na gemu kubwa za leo zimelipoteza. Angalizo kubwa: mhusika wako, Tommy Vercetti, hajui kuogelea. Akitumbukia majini amekwisha, na misheni imekwisha naye.

*Mkono.* Magari ni mepesi na yana haraka, pikipiki ya PCJ-600 inapaa kweli kweli. Kulenga kwa mausi kwenye kompyuta ni kuzuri. Kwenye PS2 kulenga kunajishikiza kwenye mtu usiyemtaka, na hilo litakugharimu maisha katika mapigano ya karibu. Tommy hapandi ukuta wala uzio mrefu, kwa hiyo ukikimbia polisi kwa miguu usijiingize uchochoroni bila kujua unatokea wapi.

*Misheni zinazokwamisha.* Jina linalojulikana ni Demolition Man. Unaendesha helikopta ya kuchezea, unachukua mabomu manne, moja moja, na kuyatega kwenye ghorofa za jengo linalojengwa. Watu hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutojua kwamba saa haianzi kuhesabu mpaka uliguse bomu la kwanza. Kwa hiyo usiliguse. Ingia kwanza na helikopta tupu, zunguka ghorofa zote, zijue ngazi ziko upande gani, na wale walinzi na mafundi wenye nyundo wapitie na pangaboi lako mmoja mmoja mpaka jengo litulie. Hapo ndipo urudi kuchukua bomu, na uanze na ghorofa ya juu kabisa wakati muda bado upo. Sababu ya pili ni kibodi: helikopta hiyo inategemea vitufe vya namba vilivyo kulia mwa kibodi, na kompyuta mpakato nyingi hazina. Nenda kwenye mpangilio wa vitufe, vipe kazi hiyo vitufe vingine, ndipo ujaribu.

Kikwazo kingine hakina jina. Ukifika katikati, hadithi inakatika ghafla: ramani haina alama ya misheni, simu hailii. Gemu haijaharibika. Inakutaka ununue biashara zinazouzwa mjini na kumaliza kazi zake, kiwanda cha uchapaji kikiwa cha lazima, ndipo misheni mbili za mwisho zifunguke. Tena fedha za biashara hizo haziji zenyewe mfukoni. Zinajikusanya mlangoni hadi kikomo fulani na kusimama, kwa hiyo pitia kuzichukua.

*Hadithi.* Fupi na iliyonyooka. Tommy, kwa sauti ya Ray Liotta, anaporwa mzigo na fedha za bosi wake siku ya kwanza, kisha anaulizana na jiji zima nani aliyefanya hivyo huku akijijengea himaya yake. Huhitaji kujua chochote cha gemu nyingine.

*Inamfaa* mwenye muda mchache na mashine dhaifu, anayetaka kuanza na kumaliza. Haitamfaa anayependa kubadilisha mhusika wake au kuzurura mbali na mji.

San Andreas (2004)

*Mashine.* Pentium III ya GHz 1, RAM ya MB 256, diski ya GB 3.6 hadi 4.7. Bado ni ndogo, ila kwenye Windows mpya ina ugonjwa wa kufunguka na kujifunga papo hapo. Ingia kwenye Documents, fungua folda ya GTA San Andreas User Files, futa faili la gta_sa.set, washa tena. Faili hilo lina mipangilio tu, ulizozisevu haziguswi. Hapa pia acha Frame Limiter ikiwa imewashwa: ukiizima, mhusika wako Carl Johnson (CJ) anaogelea kwa kujikokota mpaka misheni za majini zinakuwa mateso. Ukipata nakala iliyosasishwa baada ya 2014, baadhi ya nyimbo za redioni hazimo, kwa kuwa leseni zake ziliisha.

*Jiji.* Si jiji, ni jimbo. Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na katikati yake vijiji, misitu, jangwa na mlima Chiliad. Mwaka ni 1992. Umbali huo una maana: ukitoka Los Santos usiku kwa baiskeli kuelekea vijijini, taa za mji zinabaki nyuma, redio haipo, unasikia mnyororo tu. Hakuna gemu ya wakati ule iliyonipa hisia ya kuwa mbali na nyumbani kama hii.

*Mkono.* Hapa ndipo penye utajiri. CJ anakua kadiri unavyomtumia. Ukimpeleka jimu anapata misuli, ila kuna kikomo cha mazoezi kwa siku. Ukimlisha kuku na piza anaongeza mwili. Ukizidisha kwa mkupuo mmoja anatapika. Usipomlisha kabisa kwa muda mrefu mafuta yanaisha, kisha misuli, kisha afya yenyewe. Baiskeli inajenga pumzi za kukimbia. Kila bunduki ina kiwango chake, na ukifika juu kabisa na bastola ya kawaida au Micro SMG anashika mbili kwa pamoja, moja kila mkono. Anaogelea, anapanda kuta, anarusha ndege, anaruka na parachuti. Kwa anayependa kuona matunda ya kazi yake, gemu hii haina mpinzani kati ya hizi tatu. Kwa asiyependa, ni kama kulea mtoto wakati ulitaka kupigana tu.

*Misheni zinazokwamisha.* Ziko nne za kujiandaa nazo.

Wrong Side of the Tracks: unaendesha pikipiki, mwenzako Big Smoke yuko nyuma na bunduki, maadui wako juu ya treni. Kosa la karibu kila mtu ni kuibana treni. Ukiwa ubavuni kabisa Smoke hana pembe ya kuwaona walio juu, risasi zinaishia kwenye mabehewa. Jitenge hatua kadhaa, kaa sambamba nao, usiwapite wala usibaki nyuma, na uangalie treni inayokuja kwenye reli ya pili.

Shindano la gari la kurukaruka la Cesar Vialpando: kwenye kompyuta linatumia vitufe vile vile vya namba. Kama kibodi yako haina, badilisha vitufe kabla ya kwenda, vinginevyo utabonyeza usiku kucha na alama zitabaki sifuri.

Shule ya urubani: ukifika jangwani unalazimika kununua uwanja wa ndege wa Verdant Meadows kwa dola 80,000, kisha kufaulu majaribio 10 kwa angalau asilimia 70 kila moja. Ingiza magurudumu ndani mara tu ndege inapopaa, na wakati wa kutua achia kitufe cha mwendo mapema kuliko unavyodhani. Usipokuwa na fedha, nenda kwenye duka la kamari ya farasi la Inside Track: sevu kwanza, weka dau kubwa kwa farasi mwenye malipo makubwa, ukipoteza pakia upya.

Amphibious Assault: haianzi kabisa kama mapafu ya CJ hayajakomaa. Mzamishe baharini mara kwa mara, mwache chini mpaka pumzi ikaribie kwisha, ibuka, rudia, mpaka kiwango kipande.

Na zile kazi za Zero, mwenye duka la vitu vya kuchezea, na ndege yake ya kuchezea, zilizowakasirisha watu dunia nzima? Si za lazima. Hadithi inaendelea bila hizo. Ukizitaka, jua kwamba mafuta yanaungua unapobonyeza kitufe cha mwendo, kwa hiyo uachie kila unapoweza na uielee.

Tahadhari ya chiti (misimbo ya kudanganya gemu): usisevu baada ya kuweka chiti zinazobadilisha tabia za wapita njia. Ghasia zile zinabaki kwenye faili lako daima na huwezi kuzizima.

*Hadithi.* Carl Johnson anarudi nyumbani Grove Street kwa msiba wa mama yake, anakuta kundi limesambaratika, na askari Tenpenny, kwa sauti ya Samuel L. Jackson, akimngoja. Mwanzo na mwisho wake ni imara sana. Katikati, jangwani, inapotea njia: serikali ya siri, mfuko wa kurukia angani, mambo mengi yasiyohusiana na mtaa. Wengine ndiyo sehemu waipendayo. Mimi nadhani ndipo msiba wa mama unaposahaulika.

*Inamfaa* mwenye miezi, si siku. Na anayecheza na mwenzake, maana kwenye PS2 kuna sehemu maalumu mtaani ambapo pedi ya pili inamwingiza mchezaji wa pili. Haimfai mwenye haraka ya mwisho.

GTA IV (2008)

*Mashine.* Hapa ndipo unapochujwa. Kwenye karatasi inataka Core 2 Duo ya GHz 1.8, RAM ya GB 1.5 na diski ya GB 16, na Complete Edition, toleo lenye hadithi za nyongeza, inataka GB 22. Kiuhalisia toleo la kompyuta lilipitishwa vibaya kutoka kwenye PS3 na Xbox 360, na linaweza kukatakata hata kwenye mashine nzuri. Cha kwanza punguza vivuli, kisha wingi wa magari, kisha umbali wa kuona. Azimio la skrini liguse mwisho. Kama kadi yako ya grafiki inakubali Vulkan (mfumo mpya wa kuchora picha), pakua DXVK, programu inayoifanya gemu itumie mfumo huo, chukua faili la d3d9.dll kutoka folda ya x32, liweke ndani ya folda ya gemu. Chukua la x32, si la x64, kwa kuwa gemu ni ya biti 32. Kwa wengi hilo peke yake linatibu ukatakataji. Kuisajili mara ya kwanza kunahitaji intaneti. Mwenye PS3 au Xbox 360 hana haja ya haya yote. Anaweka diski, anacheza.

*Jiji.* Liberty City, iliyochorwa kutokana na New York, na Alderney upande wa pili wa mto. Ni ndogo kwa eneo kuliko San Andreas, ila imejaa. Watu wanafungua miavuli mvua ikinyesha, wauza hotdogi wako kona, madaraja yanatoza dola 5 na ukipita kwa nguvu unapata nyota ya kusakwa na polisi. Hakuna jangwa, hakuna ndege ya kuendesha, helikopta tu.

*Mkono.* Gari ni zito. Likipinda linalala, breki zinahitaji nafasi, na anayetoka San Andreas atagonga kila kona siku ya kwanza. Siri ni kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukiizoea, uendeshaji huu unaridhisha kuliko wa gemu zote mbili zilizotangulia. Kwenye mapigano unajibanza nyuma ya ukuta au gari na kuchungulia. Miili inaanguka kwa uzito wake: ukimpiga mtu mguuni anayumba, anatafuta pa kujishika. Polisi nao wamebadilika; ramani inaonyesha duara, ukitoka nje yake bila kuonekana tena nyota zinafutika. Ukifa hunyang'anywi silaha, unatozwa bili ya hospitali. Ukikamatwa ndipo unazipoteza.

*Misheni zinazokwamisha.* Three Leaf Clover, wizi wa benki, ni ndefu, na GTA IV haina vituo vya kuhifadhi katikati ya misheni: ukifa kwenye hatua ya mwisho unaanza mwanzo, japo ujumbe wa simu unakuruhusu kuirudia papo hapo. Nenda ukiwa na fulana ya kuzuia risasi na risasi nyingi za bunduki kubwa, na usikimbie mbele ya wenzako. Kila gari la polisi linakupa pa kujibanza.

Misheni ya mwisho ina kasoro ya kiufundi. Kuna mahali Niko, mhusika wako, anadandia helikopta na wewe unabonyeza kitufe haraka haraka ili apande. Fremu zikizidi 30 kwa sekunde, hapandi, hata ubonyeze vipi. Kabla ya misheni hiyo weka kikomo cha fremu 30 kwenye programu ya kadi yako, upande, kisha ukiondoe.

Halafu simu. Marafiki wa Niko, Roman, Brucie na wenzao, watapiga wakitaka kwenda kunywa au kucheza dati (kurusha vishale). Ukiwakubalia wanakulipa kwa namna yao: Little Jacob anakuletea silaha za bei nafuu, Roman anakutumia teksi ya bure. Wakikuchosha, simu ina hali ya kulala. Iwashe na utulie.

*Hadithi.* Niko Bellic, mwanajeshi wa zamani kutoka Ulaya Mashariki, anashuka melini akiamini masimulizi ya binamu yake Roman kuhusu jumba na magari, anakuta chumba chenye mende na deni la kamari. Yeyote aliye na ndugu ughaibuni anayetuma picha nzuri tu atamwelewa Niko haraka. Ndiyo hadithi bora kati ya tatu, na pia nzito. Haikuchekeshi sana, na kila uamuzi wa kuua au kusamehe unabaki na wewe.

*Inamfaa* anayetaka hadithi ya kweli ya watu, na mwenye subira ya kujifunza gari upya. Haimfai anayetaka kurusha ndege.

Kwa hali yako

Kompyuta ya RAM ya GB 2, bila kadi ya grafiki: Vice City, au San Andreas kama una muda. GTA IV isijaribiwe.

Umetoka GTA V na unataka kitu kinachofanana: kwa uhuru na ukubwa, San Andreas; kwa mapigano na namna jiji linavyoishi, IV. Vice City itakuonekania finyu mwanzoni, na kutojua kuogelea kutakuudhi.

Unacheza saa moja usiku baada ya kazi: Vice City, kwa kuwa misheni zake ni fupi. IV ina misheni ndefu zinazorudi mwanzo, haipatani na saa moja.

Hujawahi kumaliza gemu yoyote ya mfululizo huu: Vice City kwanza, halafu San Andreas. Ukianza na San Andreas uwezekano wa kuishia shule ya urubani ni mkubwa.

Una PS3: IV, kisha hadithi zake mbili za nyongeza zilizofika PS3 mwaka 2010, The Lost and Damned na The Ballad of Gay Tony. Ya pili inakurudishia parachuti.

Una simu tu: IV haipo. Vice City ilikuja kwenye simu 2012 na San Andreas 2013. Kwenye kioo cha kugusa, ndege za San Andreas ni ngumu mno bila pedi ya Bluetooth. Kama huna pedi, chukua Vice City, ambayo ugumu wa aina hiyo unakuja kwa Demolition Man na misheni nyingine chache.